Kikundi cha Familia: Wajukuu Pangani

Shangazi Rehema, 19:42
Assalamu alaikum ndugu zangu. Likizo ya Juni inaanza Ijumaa ijayo, na waliothibitisha ni wawili tu. Nakumbusha kwamba wajukuu wa darasa la kwanza hadi la nne watakaa kwa Babu siku 14, bila simu wala televisheni.

Mama Nasra, 19:58
Waalaikum salaam wifi. Naomba kujua watajifunza nini hasa, kwa sababu Nasra hesabu zinamsumbua.

Shangazi Rehema, 20:06
Bao ni hesabu, wifi. Mashimo ni 32, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, kwa hiyo mtoto anayetaka kujua atakapoishia hana budi kuhesabu kabla hajagusa kitu. Mwaka jana nilimwona Idi amesogeza kidole juu ya mashimo, midomo ikimtembea, hata uji wake ukapoa. Ufukweni watachomeka vijiti pale maji yanapofika yakijaa na kuandika saa, wajionee yanavyochelewa kama dakika 50 kila siku. Siku 14 nimezichagua makusudi, ili waone bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Mjomba Salim, 20:31
Kete nitaleta mimi, ila Mzee asicheze nao. Nilipokuwa na miaka saba alinila nyumba, lile shimo langu kuu la kete, bila huruma.

Baba Idi, 20:33
Nilikuwepo. Ulilia mpaka magharibi.

Shangazi Rehema, 20:35
Tafadhali, tuzungumzie nauli na chakula.

Mama Nasra, 20:52
Kabla ya mchango, niseme lililo moyoni. Mwaka jana tulikubaliana hivi hivi, na siku ya tatu watoto wakapewa tableti ili watulie.

Mjomba Salim, 21:10
Shemeji, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, nami nilikuwa peke yangu na watoto tisa.

Babu, 05:51
Nimesoma baada ya sala. Salim, mvua si kosa lako. Lakini marehemu mama yenu alikuwa amekwisha kuchana ukindu na kuutia rangi, ili siku kama zile awafundishe watoto kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, na alikaa nao barazani akiwasubiri. Ukindu ule bado unaning'inia chumbani. Waleteni watoto waumalize mkeka.

Mjomba Salim, 07:24
Nisamehe, Baba. Safari hii simu yangu nitaiacha Tanga.

Mama Zuhura, 13:20
Samahani, nilikuwa kazini. Ni tarehe ngapi?

Mama Nasra, 13:41
Nasra atakuja. Kuhusu mdogo wake, nitajibu nikishazungumza na baba yake.

Shangazi Rehema, 13:45
Nauli bado hamjajibu. Tena, mimi najua kusuka ukili, ila kuushona uwe mkeka sijui. Nani anajua?

Baba Idi, 18:02
Mama ndiye aliyekuwa akijua.