Wenye nyumba na migahawa ya Kampala: mnatutoza kama mabalozi, tunalipwa kama makarani!

Wakuu, salaam. Nimenyamaza vya kutosha. Uzi huu ni wetu sisi tunaoishi Kampala kwa pasipoti ya jirani: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, kuanzia Kansanga, Kabalagala na Bunga mpaka Ntinda na Kisaasi. Wenye kulipiwa nyumba na ubalozi au shirika mnaweza kupita tu, ingawa nina neno na ninyi huko chini.

Kodi yangu ya nyumba imepandishwa kutoka shilingi za Uganda 1,200,000 hadi 1,650,000 kwa mwezi. Nyumba ni ile ile. Vyumba viwili, bomba la bafuni linavuja tangu nihamie, na jenereta tunayoilipia kila mwezi huwa inapata dizeli siku mwenye nyumba ana wageni. Hakuna tofali lililoongezwa. Kilichoongezwa ni karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango, haina hata sahihi, inasema "kutokana na hali ya uchumi" kodi mpya inaanza mwezi ujao na inalipwa ya miezi mitatu kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe: 4,950,000 mezani, kabla sijanunua hata uniti moja ya Yaka, umeme wa luku wa hapa.

Hali ipi ya uchumi? Kwa takwimu za UBOS, idara ya takwimu ya serikali, mfumuko wa bei wa Uganda mwaka 2025 haukufika asilimia 4. Mimi nimepandishiwa asilimia 37 na nusu! Hiyo si hali ya uchumi, ni tamaa iliyochapwa kwa kompyuta.

Nikampigia simu mwenye nyumba. "Nnyabo," yaani mama, akaniambia kwa upole kabisa, "mimi sikufukuzi, ila kuna Wasudani wananipa ya miezi sita, kwa dola." Hivi kuna mwenye nyumba Kampala hii asiye na Msudani wa kumtishia mpangaji? Ni kweli, vita vya Khartoum vilipoanza Aprili 2023 familia nyingi zilikimbilia hapa, na waliokuja na akiba walilipa kwa mkupuo kwa sababu walitaka mahali pa kulaza watoto usiku huo huo. Hao ni watu waliopoteza nyumba zao. Kuwageuza fimbo ya kumchapia mpangaji mwingine ni uchuro. Na kabla yao fimbo ilikuwa mafuta: uamuzi wa mwisho wa kuwekeza kwenye mafuta ya Uganda ulipotangazwa Februari 2022, kodi za Hoima, kwenye mafuta yenyewe, ziliruka, na wenye nyumba wa Kampala nao wakaruka kana kwamba bomba la mafuta la kwenda Tanga linapita sebuleni kwao. Sasa wimbo mpya ni AFCON 2027. Mzee wangu, uwanja wa Namboole uko Bweyogerere na mimi niko Kansanga, ni shabiki gani atakayekuja kutazama mechi kutoka bafuni kwangu?

Halafu kuna huu mchezo wa dola. Rafiki yangu Mkenya amepanga Bugolobi, mkataba wake ni wa dola. Mwaka 2024 dola ilipokuwa juu ya shilingi 3,700, kila ikipanda kidogo mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kumtumia ujumbe wa kiwango kipya. Mwaka 2025 shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka mpaka 3,500 na kitu. Mnadhani alituma ujumbe? Alituma. Kwamba kuanzia sasa "kiwango cha nyumba" ni 3,800. Yaani jengo lina benki kuu yake!

Kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku Machi 2025 kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Wenye nyumba wa Masaki, Dar es Salaam, walinung'unika, kisha wakaanza kuandika shilingi. Hapa Uganda sheria ipo pia, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, na inasema kodi ni kwa shilingi, lakini ikaacha mlango: isipokuwa mkikubaliana vinginevyo kwenye mkataba. Sasa mtu una mabegi mawili getini, dalali ameshakula hela yako, utakataa kukubaliana?

Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho wenye nyumba hawapendi kukisikia: kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa nyumba yangu hiyo ni 120,000, basi. Ningelipa 1,320,000 na ningelipa bila kununa sana. Zile 330,000 za juu yake hazina jina lingine. Na mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama. Kubadilisha kufuli au kurusha vitu nje ni kosa. Nimeuliza wapangaji wa jengo letu lote kama wanaijua sheria hii. Waganda wawili wanaijua. Sisi wageni, hata mmoja. Tena mmoja wetu alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, usilete mambo ya sheria, sisi ni wageni hapa." Hicho ndicho wanachotuuzia kwa bei ya juu: woga wetu.

Madalali sitawazungumza sana, nitapandwa na presha. Unalipa pesa ya kuoneshwa nyumba, unaoneshwa nyumba ambayo imeshachukuliwa wiki iliyopita, ukipata ya kweli unamlipa kodi ya mwezi mzima. Na jaribu kufungua mdomo kwa Kiswahili. Kampala hii ukiongea Kiswahili safi unahesabiwa Mkenya mwenye kampuni au askari, na askari hapangi Muyenga. Chumba walichomtajia mfanyakazi mwenzangu kwa Luganda, mimi nilitajiwa bei nyingine siku hiyo hiyo, na dalali ni yule yule! Baraza la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Wamekipa urasmi, madalali wakakipangia bei.

Tuje kwenye chakula, maana mtu akikosa nyumba nzuri angalau ale vizuri.

Rolex. Chapati na mayai. Chakula cha mwanafunzi na bodaboda, unakula umesimama, kijana anakukatia nyanya na kabichi na elfu tatu yako imetosha, ukitaka mayai ya ziada unaongeza kidogo. Nimekaa kwenye mgahawa mmoja wa Kololo wenye viti vya rotani, nikaikuta rolex kwenye menyu kwa 24,000. Imekatwa vipande vinne, imewekewa parachichi pembeni na majani fulani ambayo kwetu wanalishwa sungura. Nikasema sawa, kila mtu na kiwanja chake, nimeingia mwenyewe. Bili ilipokuja ndipo nikaona herufi za sisimizi chini ya menyu: bei hazijajumlisha VAT wala huduma. Asilimia 18 juu, asilimia 10 nyingine juu. Nikaomba risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki yenye msimbo wa kuskani, kwa kuwa kama ni VAT basi ifike URA, mamlaka ya mapato. Mhudumu akaenda, akakaa, akarudi: "Nnyabo, mtandao hauko." Akaniletea karatasi ya kuandikwa kwa kalamu. Kwa hiyo asilimia 18 mtandao wa kuitoza upo, mtandao wa kuitolea risiti haupo!

Samaki ndio usiseme. Barabara ya Ggaba inaishia ziwani, soko la samaki lipo pale pale, ngege (sato) anatoka majini ukimwona. Mgahawa ulio dakika chache kutoka sokoni ulikuwa unamuuza mzima wa kukaanga na chipsi 30,000, sasa 48,000. Ukiuliza, "mafuta yamepanda." Mafuta gani? Januari 2022 malori yalipokwama Malaba na Busia kwa mgomo wa madereva, petroli ilifika shilingi 10,000 na zaidi kwenye baadhi ya vituo, migahawa ikapandisha bei na tukawaelewa. Petroli ikarudi chini. Bei za menyu zilirudi? Zile zilikata tiketi ya kwenda tu.

Kwa haki, kuna wanaopandisha kwa sababu ya kweli. Mkaa ulipanda tangu rais alipopiga marufuku mwaka 2023 biashara ya mkaa kutoka kaskazini, na anayepikia mkaa hana ujanja. Yupo mama mmoja wa Bukavu, Kongo, upande wa Nsambya, anapika sombe (kisamvu), fufu na makayabu (samaki wa chumvi), meza nne tu. Alipopandisha sahani kwa elfu mbili alitueleza mmoja mmoja, akatuonesha mpaka karatasi ya mwenye fremu. Amepandishiwa kodi kwa dola, yeye anayeuza fufu kwa shilingi! Huyo sina ugomvi naye, naendelea kula kwake na bakshishi naacha.

Na hapo ndipo penye mzizi. Mwenye nyumba anamtoza mama wa mgahawa kwa dola, mama ananitoza mimi, mimi namtoza nani? Bei za Kololo, Nakasero na Bugolobi ziliwekwa na watu ambao hawatoi hela mfukoni. Shirika linalipa nyumba moja kwa moja, halibishani, linatia sahihi mwaka mzima. Hayo ndiyo maneno niliyowaahidi wenye posho ya nyumba: hamkukosea kulipiwa, lakini mnapokubali bei ya kwanza bila hata kukohoa, mnatupangia na sisi. Mimi nimeajiriwa kwa mkataba wa hapa hapa, kwa shilingi, kwa sababu "sisi ni Afrika Mashariki moja, huwezi kulipwa kama mgeni." Sawa. Mbona nikifika kwa dalali Afrika Mashariki moja inakwisha na nakuwa mgeni?

Na msinidanganye kuwa ni soko tu, wapangaji ni wengi nyumba ni chache. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga USAID, wangapi walifunga mizigo hapa? Kuna majengo Bugolobi na Naguru napita usiku naona taa kwenye madirisha mawili ghorofa nzima. Soko lingekuwa soko, bei ingeshuka. Lakini mwenye jengo anadaiwa benki, ameiahidi benki kodi ya dola, akishusha mbele ya wapangaji waliopo nao watadai ishuke. Bora ghorofa ikae tupu na hasara ihamishiwe kwa huyu wa Kansanga.

Najua watakaokuja na "rudi kwenu Bongo". Nitarudi nikitaka, Mutukula naijua njia. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010 na nafanya kazi halali, PAYE yangu inakatwa kila mwezi. Mwenye nyumba wangu anatakiwa kulipa asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Nimemwomba risiti mara kadhaa. Mnajua alivyonijibu? "Risiti ya nini nnyabo, si tunaaminiana?"

Nimemjibu kwa barua, nimetaja sheria, nimetaja 1,320,000, nakala nimepeleka kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa. Tangu siku hiyo askari wa getini, ambaye tulikuwa tunasalimiana vizuri, ameambiwa boda yangu isiingie ndani. Nashuka barabarani na mifuko ya soko. Sawa tu, nitashuka.

Ombi langu kwenu: wekeni hapa chini mtaa, kodi ya zamani, kodi mpya, shilingi au dola, na kama mnapewa risiti. Majina ya watu msiweke. Tukipata orodha ya maana nitaichapa niende nayo LC1 na isiwe malalamiko ya mwanamke mmoja mwenye kelele. Na mwenye kujua nyumba ya vyumba viwili upande wa Najjera au Kira, mkataba wa shilingi, dalali asiwepo katikati, anitumie ujumbe. Mbwa sina, watoto sina, kodi nalipa tarehe moja.