Dodoso la mitindo ya kujifunza: somo moja nilipange mara tatu?

Mwalimu_wa_Zamu

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaolijua jambo hili kwa undani. Darasa lina wanafunzi 45 wa miaka 10 hadi 11, kipindi ni dakika 40, mwalimu ni mmoja. Semina imetupa dodoso la kuwagawa wanafunzi katika makundi matatu: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda. Andalio la somo linatakiwa lioneshe shughuli tofauti kwa kila kundi. Pembeni kuna safu ya akili nane za Gardner, na kila akili iliyoguswa inawekewa alama ya vema.

Mada inayofuata ni kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Maswali yangu:

1. Hizi akili nane na hii mitindo mitatu ni kitu kimoja?
2. Nikigawa makundi matatu, maelezo ya msingi nayatoa mara tatu ndani ya dakika 40?
3. Kama kugawa hakufai, kipindi kiendeje?

ChakiNyeupe

Mwalimu, si kitu kimoja, ingawa semina nyingi zinavipika chungu kimoja.

Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa nadharia yake mwaka 1983. Alianza na akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuelewana na watu, na ya kujielewa mwenyewe. Ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira, aliiongeza miaka ya 1990. Hapo anazungumzia uwezo, yaani mtu anaweza kufanya nini. Mitindo ya kujifunza inazungumzia upendeleo, yaani mtu anapenda kupokea habari kwa njia gani. Dodoso linalojulikana zaidi la aina hiyo, VARK, ni la Neil Fleming wa New Zealand. Gardner mwenyewe ameshasema hadharani kwamba nadharia yake si ya mitindo ya kujifunza na asihusishwe nayo.

Sasa kuhusu ushahidi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliweka wazi jaribio linalohitajika ili dai la mitindo lisimame. Wagawe wanafunzi kwa mtindo, kisha kila kundi uligawe tena kwa bahati nasibu: nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa maelezo ya mdomo. Mwishoni wote wapewe mtihani uleule. Dai litakuwa kweli endapo "wa kuona" watafaulu zaidi kwa picha, na "wa kusikia" watafaulu zaidi kwa mdomo. Ikiwa wote wamefaulu zaidi kwa picha, basi picha ndiyo iliyofaa mada, na dodoso halijakuambia lolote. Tafiti zilizofuata utaratibu huo walizikuta ni chache mno, na baadhi zilizofuata zilitoa matokeo yanayopingana na dai lenyewe. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake waliwapima watu wazima, wengine wakisoma na wengine wakisikiliza. Upendeleo wa mtu haukutabiri alichoelewa.

Upendeleo upo, hakuna anayeukataa. Mtoto akikwambia anapenda picha, anasema kweli. Tatizo ni kuruka kutoka "anapenda" hadi "ataelewa zaidi". Na hizo akili nane nazo zina wapinzani, kwa sababu alama za majaribio ya uwezo wa akili mara nyingi hupanda na kushuka pamoja, jambo ambalo halikutarajiwa kama kila akili inajitegemea.

Kwa hiyo njia ichague kwa kuangalia mada. Matamshi yanasikilizwa, na wote 45 wasikilize. Kutumia kipimapembe kunafanywa kwa mkono, na wote 45 washike. Umbo la bara linaoneshwa kwenye ramani hata kwa yule ambaye dodoso limemwita msikiaji.

Rula_na_Mkasi

Nimeona swali la tatu halijajibiwa. Kipindi chenyewe kiende hivi.

Vifaa: kanda za karatasi zenye urefu wa sm 24 na upana wa sm 3, tatu kwa kila jozi. Wanafunzi 45 wanatoa jozi 21 na kikundi kimoja cha watatu, jumla vikundi 22, kanda 66. Karatasi moja ya A4 inatoa kanda 7, kwa hiyo karatasi 10 zinatosha na kanda kadhaa za akiba zinabaki. Kwa nini 24? Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila desimali.

Dakika 5: andika ubaoni 1/2 + 1/3 na swali moja, "Jibu linazidi 1 au halifiki?" Kila mmoja aandike kisio lake daftarini kimyakimya. Usipokee mikono iliyonyooshwa, la sivyo wawili watajibu na 43 watasubiri.

Dakika 12: ukanda wa kwanza wakate nusu (sm 12). Wa pili wakate theluthi (sm 8). Wavipange hivyo viwili kichwa kwa mkia juu ya ukanda wa tatu ambao ni mzima. Vinafika sm 20. Uliza, "Urefu huu tuuite sehemu gani ya ukanda mzima?" Darasa litanyamaza, na hapo ndipo penye somo lote. Hakuna jina la kuuita mpaka vipande viwe vya ukubwa mmoja. Sasa ukanda mzima utiwe alama kila baada ya sm 4, utoe visehemu sita. Nusu inafunika vitatu, theluthi inafunika viwili, jumla 5/6. Kanuni usiiandike kabla ya hapa.

Angalizo: theluthi wasiikunje kwa kukisia. Utapata vipande vya sm 7 na vingine vya sm 9, na jumla haitaangukia kwenye alama yoyote. Watumie rula, alama kwenye 8 na 16.

Dakika 8: ubaoni chora ukanda, na chini yake hapohapo andika 3/6 + 2/6 = 5/6. Mchoro ukiwa upande mmoja wa ubao na namba upande mwingine, macho yanahangaika kwenda na kurudi na akili inachoka kwa kutafuta badala ya kuelewa. Sema kwa mdomo unachokionesha kwa kidole wakati huohuo.

Dakika 10: kanda zinakusanywa. Kila mtu peke yake: 1/4 + 1/3, kisha 1/2 + 1/6, kisha 2/3 + 1/4. Majibu ni 7/12, 2/3 na 11/12. Kuchora kunaruhusiwa.

Dakika 5: kwenye kipande cha karatasi waandike jibu la swali hili: "Mwenzako amepata 1/2 + 1/3 = 2/5. Kosa liko wapi?" Jibu zuri linasema kuwa 2/5 haifiki hata nusu tuliyoanza nayo. Kwenye ukanda wetu 2/5 ni sm 9.6, na nusu peke yake ni sm 12. Anayeliona hilo ameelewa, hata kama KDS (kigawe kidogo cha shirika) bado inamchanganya.

Humo mmeona, mmesikia, mmeshika na mmejadiliana, na maelezo ya msingi yametolewa mara moja.

Yanayoharibu: vikundi vya watu sita (wawili wanakata, wanne wanatazama), na kanda zinazobaki mezani wiki nzima. Kipindi cha pili waanze na mchoro tu, cha tatu namba tu. Halafu kipindi cha pili tia 1/2 + 1/5 makusudi. Ukanda wa sm 24 utawagomea, itabidi watafute mgawanyo mpya wa visehemu 10, na KDS itakuja ikiwa na kazi ya kufanya.

Sauti_ya_Tatu

Wakuu, msiue kila kitu. Wapo watoto wanaoshika jedwali la kuzidisha kwa wimbo tu. Na mzunguko wa damu ukiigizwa darasani unakaa kichwani kuliko ukisomwa. Hiyo si akili ya muziki na akili ya mwili?

ChakiNyeupe

Wimbo unasaidia, na unamsaidia yeyote, si mwenye "akili ya muziki" pekee, kwa sababu mdundo na vina vinabana mpangilio wa maneno. Ila kasoro yake nayo iko hapohapo. Muulize aliyejifunza jedwali la 7 kwa wimbo, "saba mara nane?", umsikilize akianzia saba mara moja chinichini hadi afike 56. Tiba ni rahisi: wimbo siku mbili tatu za mwanzo, kisha kadi zilizochanganywa, maswali 10 kwa siku, yakiwemo ya siku zilizopita. Kujikumbusha bila kutazama kunajenga kumbukumbu kuliko kurudia kusoma. Watafiti Roediger na Karpicke walilionesha hilo mwaka 2006: baada ya wiki moja, waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka takriban asilimia 61 ya kifungu, na waliokisoma mara nne takriban asilimia 40. Cha kuchekesha ni kwamba baada ya dakika tano tu waliorudia kusoma ndio walioongoza, na ndiyo maana wanafunzi wengi huamini kusoma tena kunatosha.

Igizo la damu nalo ni zuri kama mwendo wenyewe ndio somo: upande wa kulia wa moyo, mapafu, upande wa kushoto, mwili, kurudi kulia. Kadi ya bluu inabadilishwa kuwa nyekundu kwenye mapafu, na nyekundu kuwa bluu mwilini. Kosa la kawaida ni kumsimamisha mtoto mmoja awe "pafu" kipindi kizima. Atatoka anajua pafu tu. Kila mmoja awe damu na atembee mzunguko mzima walau mara mbili, kisha akae achore njia bila kutazama popote. Bila huo mchoro watakumbuka kicheko.

Meza_ya_Mbele

Niongeze jambo ambalo dodoso halioni kabisa. Tofauti zinazostahili kupangiwa ni hizi: mtoto anajua nini tayari, anaielewa lugha unayofundishia kwa kiasi gani, na anaona na kusikia sawasawa au la.

La kwanza lipime kwa maswali matatu kabla ya mada. Kwa sehemu yawe: ipi kubwa, 1/3 au 1/4; jaza 1/2 = ?/6; jumlisha 2/7 + 3/7. Aliyekosa la kwanza (atakwambia 1/4 kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3) hahitaji njia ya kusikia wala ya kuona. Anahitaji dakika 10 za kulinganisha kanda kabla ya kujumlisha chochote. Kikundi cha hao kiundwe kwa kosa hilo na kivunjwe kosa likiisha. Makundi ya mitindo yana madhara haya: yakishapewa jina yanakaa mwaka mzima, na mtoto anaanza kusema "mimi si wa kusoma".

Kwa lugha, maneno matano mapya yasizidi, na ukiuliza swali subiri angalau sekunde tatu. Mtafiti Mary Budd Rowe alikuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu. Wakisubiri tatu au zaidi majibu yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka.

Asiyeona vizuri akae mbele, na kila unachoandika ubaoni kisome kwa sauti. Kwa asiyesikia vizuri, usiongee huku umegeukia ubao. Hayo ni mahitaji, usiyachanganye na mitindo.

Mwalimu_wa_Zamu

Asanteni sana wakuu, nimepata andalio kabisa. Imebaki ile safu ya akili nane, maana mkaguzi ataitazama.

Rula_na_Mkasi

Weka alama pale tu ambapo shughuli inabeba mada yenyewe. Kipindi cha kanda kina nafasi na maumbo, mantiki, lugha kwenye lile swali la mwisho, na kushirikiana kwenye jozi. Nne zinatosha, nadharia haidai zote nane kila kipindi. Kupiga makofi huku mnasema "tano ya sita" si akili ya muziki, ni kelele.

Kama unataka kuitumia nadharia vizuri, itumie mwisho wa mada, mwanafunzi achague namna ya kuonesha alichoelewa: mchoro wenye maelezo, maelezo ya mdomo ya dakika mbili, au aya moja. Vigezo viwe vilevile kwa wote na waambiwe mapema: (1) ametafuta asili moja, (2) amebadili sehemu zote mbili sawasawa, (3) amejumlisha vizuri, (4) ameeleza kwa nini asili hazijumlishwi. Alama moja kwa kila kigezo. Rangi na mapambo havina alama, vinginevyo wataanza kununua kalamu za rangi badala ya kufikiria kigezo cha nne.