Mjadala: Kariakoo ibaki mtaa wa kuishi, au tukubali iwe soko na stoo tu?

Wakuu, siku hizi Kariakoo ya Dar es Salaam ikitajwa, inatajwa biashara: kufungua saa 24, bei za fremu, wafanyabiashara wa kigeni. Wanaolala pale hawatajwi kabisa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kibali cha ghorofa Kariakoo kisitolewe bila sharti la kubakiza sakafu za makazi, na sakafu hizo zikaguliwe kuona kama zina watu au zina marobota.

Viwanja vya pale ni vidogo, vilipimwa enzi za Mjerumani na Mwingereza kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma na jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba anakaa humohumo na wapangaji wake. Kwa wasiowahi kuishi humo, uani ndiko watu wanakotunzana. Huyu anachambua mchele, yule anafua, mzazi anakandwa, na watoto wa vyumba vyote wanaangaliwa na yeyote aliyepo. Bibi wa chumba cha nyuma asipotoka mpaka saa tatu, mlango wake unagongwa. Msiba ukitokea turubai linafungwa barabarani, na hakuna anayeuliza kibali kwa jirani.

Kwenye kiwanja hichohicho leo linasimama jengo la ghorofa saba, nane, na kuendelea, ukuta kwa ukuta na jirani. Baraza imekuwa fremu, na uani umejengwa wote. Juu, kwenye ramani, pameandikwa makazi. Ukipanda unakuta mabegi na nguo za mitumba mpaka darini. Familia chache zilizobaki zinawasha taa saa sita mchana kwa sababu dirisha linatazama ukuta, na umeme ukikatika genereta linangurumia chini ya chumba cha mtoto. Mzee mwenye magoti mabovu akishapandishwa ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi, ndiyo ametoka mtaani hivyo. Hatoki tena mpaka siku ya hospitali.

Kuna majitaka pia. Chemba iliyobeba nyumba ya vyumba sita inapokea jengo zima lenye maduka, na ikizidiwa inafurika barabarani, hatua chache kutoka kwa mama ntilie. Jiji hili lilikuwa kitovu cha kipindupindu cha Agosti 2015, kilichosambaa mikoani baadaye. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya 20. Usalama wa majengo haya si jambo la wenye fremu peke yao.

Wapo watakaosema ninatetea vibanda. Hapana. Choo kimoja kwa familia sita na bati linalovuja havina uzuri wowote, na nyumba nyingi zimechoka kweli. Hoja nzito zaidi ni ya mwenye mali: nyumba ya urithi ina warithi wanane, mwekezaji kaja na fedha au ahadi ya sakafu mbili, wewe ni nani uwazuie? Hapo nakiri haki ni yao. Lakini kibali cha kujenga kinatolewa na umma, na umma una haki ya kuweka masharti: upenyo wa hewa kati ya majengo, uwanja mdogo wa ndani, mfumo wa majitaka unaolingana na ghorofa, na sakafu za kuishi. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ipo tangu 2008, kwa hiyo warithi wanaweza kubaki na hati za nyumba zao ndani ya jengo jipya badala ya kuchukua fedha na kuhamia Mbagala au Chanika.

Magomeni Kota imetuonyesha kwamba inawezekana. Nyumba za zamani zilivunjwa, kaya 644 zikasubiri karibu miaka kumi, na Machi 2022 maghorofa yakafunguliwa kwa ajili ya wakazi walewale. Kusubiri kulikuwa kurefu mno, na ardhi ile ilikuwa ya serikali, tofauti na Kariakoo. Hata hivyo kanuni ya kwamba aliyekuwepo ana nafasi ya kurudi ilisimama.

Ilala na Magomeni zinafuata njia hiyohiyo ya Kariakoo, mtaa kwa mtaa, kwa hiyo tusisubiri. Nataka kusikia hasa kwa warithi mlioingia mkataba na wawekezaji: sakafu mlizopewa mnaishi ninyi, au mmezipangisha stoo? Na wahandisi wa humu, tafadhali: kwenye kiwanja cha ukubwa ule, inawezekana kweli kuacha uwanja wa ndani na bado jengo likalipa?