Naomba ushauri: kufikisha protini baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo (mfuko wa chakula)

Habari zenu wapendwa. Swali kwa waliovuka wiki ya 8. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, ilhali mlo mmoja ni vijiko vichache tu. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo bila samaki, mtindi na choroko hesabu haifiki. Mnapangaje milo ya siku?

Mtihani mkubwa ni ugali: tonge lisilotafunwa likalainika hukwama, kifua kikabana, mate yakajaa, mwisho kutapika. Mnauacha kabisa, au mnaula mwisho, baada ya kitoweo na mboga?

Na maji, lita 1.5 mnayagawaje, ikiwa hayanywewi wakati wa kula wala dakika 30 baadaye?