Kuvua chabu kwenye mto mdogo kabla haujafungwa Machi: chambo gani, nitupe wapi?

PweziMkavu
Wakuu salaam. Niko Reading, England, nataka kuvua chabu (chub, samaki wa mtoni) mto Loddon wiki hizi mbili za mwanzo wa Machi. Sehemu ninayoikusudia ina upana wa mita 8 hivi, kina mita moja hadi moja na nusu, na maji yanaanza kusafika baada ya mafuriko. Leseni ninayo na kibali cha klabu ninacho. Vifaa: fimbo ya futi 11 yenye ncha laini, rili ndogo, mshipi wa ratili 8, na pakiti ya chubwi za risasi za gramu 20 kutoka Tanga. Kwa baridi hii samaki anakula nini, anakaa wapi? Na nikimpata, naruhusiwa kwenda naye jikoni?

Chubwi_Nyepesi
Mkuu, hizo chubwi ziache nyumbani. England na Wales, risasi yenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35 ni marufuku kuvulia tangu 1987. Bata maji wale weupe wakubwa walikuwa wanazimeza pamoja na changarawe, wanakufa kwa sumu. Dukani omba chubwi zisizo za risasi. Halafu gramu 20 kwenye mto wa mita 8 ni sawa na kurusha jiwe: chabu wote wanatawanyika, na usitegemee watarudi upesi.

Funga hivi. Mshipi wa ratili 5, ndoano namba 8. Kata kipande kingine cha mshipi sentimita 10, kikunje katikati juu ya mshipi mkuu kining'inie, kisha bana chubwi mbili za SSG (alama ya ukubwa wa chubwi) kwenye ncha zake mbili zikiwa pamoja. Kila moja ni kama gramu 1.6. Weka kizuizi kidogo cha mpira sentimita 40 juu ya ndoano ili kitanzi kisiteremke. Chubwi zikinasa kwenye mizizi, vuta taratibu: zitachomoka zenyewe, ubaki na ndoano yako. Ukizibana moja kwa moja kwenye mshipi mkuu, kila ukinasa unapoteza vyote, na mshipi unaumia pale ulipobanwa.

Uzito unaofaa ni ule unaokaa chini kwa taabu. Ukiinua ncha ya fimbo kidogo, chubwi zisogee nusu mita na mkondo kisha zitulie tena. Zikigoma, punguza. Zikikimbia zenyewe, ongeza moja.

Chambo: mkate mweupe wa dukani, ule laini wa bei rahisi. Huo wa ngano nzima wenye mbegu kula mwenyewe. Chana kipande cha ukubwa wa sarafu ya peni 50, kikunje juu ya shina la ndoano, bana sehemu ya shina tu kwa vidole. Kingo ziachwe zikiwa na manyoya na ncha ya ndoano ionekane. Ukikikanda chote kinakuwa donge, ndoano haipenyi.

BiNdoano
Naongezea mkate wa kuwavutia. Toa maganda, saga vipande kwenye blenda vikiwa vikavu, bila tone la maji, mpaka viwe kama chenga za unga. Mkate wa leo leo unagandamana, wa jana ndio mzuri. Ukifika mtoni loweka kidogo, finyanga tonge la ukubwa wa yai la kuku, litupe juu kidogo ya pale utakapoweka ndoano. Linapaswa kufumuka likigusa chini. Matonge mawili yanatosha. Maji ya baridi samaki hana njaa kubwa; ukimshibisha kwa chenga hataiangalia ndoano.

Mahali: usikae sehemu moja kutwa. Chagua vituo vitano au sita, weka matonge mawili kila kimoja, kisha rudi cha kwanza baada ya dakika 20. Tafuta matawi yaliyoinamia maji na takataka za mafuriko zilizonasa hapo, chabu hujificha chini yake. Pengine ni ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji yaliyopoa. Ukipata mmoja au wawili, hama.

Nenda na kipimajoto chenye kamba, kiache majini dakika tatu. Nyuzi 7 au 8 ni siku njema. Chini ya 5 tarajia mdono mmoja au miwili tu. Ila linganisha na jana: nyuzi 6 zinazopanda ni bora kuliko 8 zilizoshuka kutoka 10. Na usiondoke mapema. Jua linazama karibu saa 12 jioni, na ile saa ya mwisho mara nyingi inashinda mchana mzima.

Maji yakirudi kuwa rangi ya chai ya maziwa, mkate hauonekani. Weka nyungunyungu mkubwa mzima, ndoano namba 6, utupe karibu kabisa na ukingo.

Kanuni_Kwanza
Kuhusu jikoni. Kwa mito ya England sheria inakuruhusu kwa siku samaki wadogo 15 wa aina kama chabu, rochi na desi, wasiozidi sentimita 20. Mkubwa zaidi anarudi majini. Lakini mwenye mto anaweza kukaza zaidi, na klabu nyingi hazikubali samaki hata mmoja aondoke, kwa hiyo soma kibali chako. Ukweli wenyewe, chabu ni miba mitupu. Sato wa sokoni atakufaa zaidi.

Mito inafungwa tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo, ili samaki watage kwa amani. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ni tarehe 14. Usidhani utahamia mfereji wa Kennet and Avon Canal bila kuuliza: kuna vipande vyake ambavyo ni mto wenyewe, na hivyo navyo vinafungwa.

PweziMkavu
Shukrani sana. Moja la mwisho: ncha ikidonolewa mara mbili tatu halafu kimya, nivute?

Chubwi_Nyepesi
Hapana. Vidono vya harakaharaka ni desi au rochi wanaomega kingo za mkate. Punguza chambo nusu, shusha ndoano hadi namba 10, ambayo ni ndogo zaidi. Chabu anavuta ncha ikapinda na kubaki imepinda, hapo ndipo unainua fimbo. Akivuta kisha akaachia, amehisi uzito: rudisha kizuizi mpaka sentimita 60, na ukiona ncha inaanza kwenda, isogeze mbele kiganja kimoja umpe ulegevu.

Akinasa, usimpe mshipi sekunde tano za mwanzo, atakimbilia mizizini. Lowesha mikono kabla ya kumshika, kisha mshikilie majini kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka aondoke mwenyewe.