Mjadala: Anayepanda darasa apewe vitabu vya lazima likizoni, au aachwe acheze?

Mleta mada

Wadau, naanza kwa kuungama. Likizo ndefu iliyopita mwanangu alikuwa anatoka darasa la kwanza kwenda la pili. Shuleni walimpa karatasi mbili. Moja ina majina ya vitabu 10, nyingine ina visanduku 40. Kila siku mtoto asome dakika 20, mzazi aweke saini kwenye kisanduku. Wiki ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili tukaruka siku mbili, baadaye nne, mwisho karatasi ikapotelea chini ya kabati. Usiku wa kuamkia kufungua shule nikaketi mezani, nikasaini visanduku 29 kwa mkupuo. Nilibadilisha kalamu ili isionekane ni kazi ya usiku mmoja. Mtoto kasimama pembeni, ananiambia, "Mama, hapa tumia ile ya kijani, itapendeza."

Ana miaka saba, na tayari nimeshamfundisha kughushi.

Sasa hoja yangu. Sipingi mtoto kusoma likizoni, napinga orodha ya lazima na fomu yake. Kitabu kikishakuwa kitu cha kusainiwa, mtoto anakiweka kundi moja na kuosha vyombo na kukunja nguo. Halafu kati ya vile 10 tulifanikiwa kupata vinne tu. Vingine hata shule yenyewe haikuwa navyo! Anayetoa orodha bila kutoa kitabu anapima mfuko wa mzazi, usomaji wa mtoto haumo kabisa. Karibuni, na anayetaka kunisuta anisute.

Mwalimu wa la pili

Nakusuta kidogo, dada, pole nitakupa baadaye. Karatasi haikukutuma udanganye.

Mimi ndiye ninayewapokea hao watoto. Mtoto aliondoka akisoma "wanapokimbizana" kwa pumzi moja, anarudi anaikata: wa, na, po, ki, mbi... Akifika mwisho ameshasahau alianzia wapi, kwa hiyo ukimuuliza nani wanakimbizana anakutazama tu. Na Kiswahili kinatulaghai hapa. Mtoto akishashika irabu na silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, mzazi anafurahi, "Mwanangu anasoma!" Hajasoma bado, ametamka. Maneno yetu yamebeba mtenda, wakati na kitendo kwa pamoja, yanataka jicho lililozoea kuyaona mazima, na mazoea hayo yanatokana na kurudia. Likizoni herufi hazimtoki mtoto. Unaomtoka ni wepesi. Wiki zangu tatu za mwanzo ni za kuutafuta ulikokwenda.

Wala si hisia zangu tu. Kule Baltimore, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Shule zikiwa wazi, watoto wa familia maskini na wa familia zenye uwezo walipiga hatua zinazokaribiana. Shule zikifungwa kiangazi, ndiyo likizo yao ndefu, wenye uwezo waliendelea kupanda, wengine walisimama au kurudi. Mwaka 2007 watafiti hao, Karl Alexander na wenzake, walikadiria kwamba takriban theluthi mbili ya pengo la usomaji lililoonekana watoto hao walipofika darasa la 9 lilitokana na likizo za miaka yao ya msingi. Kwa hiyo mtu akisema "aachwe acheze" namuuliza: aachwe mtoto wa nani?

Mpita njia

Sisi tulicheza likizo nzima, hakuna aliyetupa orodha, na leo tunasoma na kuandika kama kawaida. Mnawachosha watoto.

Baba Pacha

Mkuu, waliocheza likizo nzima wakaishia kutojua kuandika hawapo hapa kukujibu.

Mtu wa takwimu

Mwalimu, hiyo theluthi mbili ishike kwa uangalifu. Kabla ya likizo mtoto alipimwa kwa mtihani wa darasa analotoka, baada ya likizo akapimwa kwa wa darasa analoingia. Ni karatasi mbili tofauti, na alama zake zilioanishwa kwa njia ambazo baadaye zilionekana kuwa na kasoro. Alama zikishuka, huna hakika aliyeshuka ni mtoto au ni mzani. Mtafiti Paul von Hippel, ambaye mwenyewe aliiamini sana habari hii ya watoto kurudi nyuma kiangazi, aliandika mwaka 2019 jinsi alivyoutafuta mwenendo wa Baltimore kwenye vipimo vipya na kukuta haujirudii vile. Sehemu kubwa ya pengo alilikuta limeshakuwepo watoto wanapoingia shule.

Kuna pia mtafiti Harris Cooper na wenzake, 1996. Walipitia tafiti 39 za likizo ya kiangazi, na wastani waliopata ni hasara ya kama mwezi mmoja wa masomo. Lakini hisabati iliumia kuliko kusoma, na katika kusoma watoto wa kipato cha kati walipanda kidogo. Sisemi hakuna tatizo. Nasema hofu imekuzwa, na hofu ndiyo inayozaa fomu za visanduku 40.

Mwalimu wa la pili

Haya, tuseme hawarudi nyuma, wamesimama tu. Miezi miwili umesimama, mwenzako anatembea. Hiyo nayo ni nini?

Mtu wa takwimu

Ni kusimama. Aliyesahau unamrudishia alichosahau. Aliyekosa kitabu unampa kitabu. Ukichanganya hayo mawili unampa mtoto marudio ya silabi likizo nzima wakati alichohitaji ni hadithi mpya.

Mkutubi

Nimekuwa nasoma kimya, ila mmepita mahali bila kusimama. Nani anachagua kitabu?

Mtafiti Barbara Heyns alichunguza watoto wa Atlanta, Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978. Kati ya mambo yote wanayofanya watoto kiangazi, kusoma ndiko kulikoambatana zaidi na kupanda kwao, na maktaba ya umma ilikuwa na mchango wa pekee. Baadaye watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa orodha alijue. Huko Florida, Marekani pia, waliwachukua watoto wadogo wa shule za maeneo maskini, wakawatandazia vitabu kama gulio, kila mtoto akachagua vyake. Vitabu 12 kila kiangazi, viangazi vitatu, na vikabaki mali ya mtoto. Waliopata vitabu waliwazidi wenzao ambao hawakupata. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa ya kutangaziwa kwa tarumbeta, lakini ilikuwepo, na ilionekana zaidi kwa walio maskini kabisa.

Vitabu vilivyogombewa havikuwa vile ambavyo kamati ingevipitisha. Watoto walitaka habari za watu mashuhuri wanaowaona kwenye televisheni. Nami nina dhambi yangu hapa. Niliwahi kumnyang'anya mtoto kitabu cha katuni, nikampa "kinachomfaa". Alikishika kwa adabu, akakiacha kwenye benchi la mlangoni, na hakukanyaga maktaba kwa wiki mbili.

Baba Pacha

Mimi nilijaribu njia ya mkato. Nina pacha wanaokwenda la tatu. Nikatangaza: kitabu kimoja, sarafu moja. Kufika jioni mmoja alikuwa "amemaliza" vitabu 11. Kuvikagua, ni vile vyembamba vya picha vya mdogo wao. Mwenzake aligoma kabisa kitabu kinene, anasema hakilipi. Nilipofuta malipo, biashara ikafa na usomaji ukaenda nayo.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walifanya jaribio kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi ya kuchora walirudia kuchora kwa hiari kidogo kuliko wasioahidiwa. Ni kuchora, si kusoma, najua, Mtu wa takwimu usinirukie. Ila niliwaona wanangu mle ndani.

Mtu wa takwimu

Sikurukii. Ila ona kwamba waliopewa zawadi ya ghafla, bila kuahidiwa kabla, hawakupoteza hamu. Kwa hiyo sarafu zako zinunulie peremende, wape siku wasiyoitegemea.

Mama wa mtoto mzito

Kuna jambo linaniuma. Wangu ana shida ya kusoma, herufi zinamchezea. Orodha iliyokuja ni ya darasa *analokwenda*. Hata vya darasa analotoka vinamlemea! Kila jioni dakika 20 za machozi. Siku ya kumi nikafunga kitabu, nikaanza kumsomea mimi. Akanyamaza, akasogea, akaanza kuuliza maswali. Sikusaini visanduku hivyo kwa sababu niliona nimevunja sheria. Mwalimu, nimekosea?

Mwalimu wa la pili

Hukukosea. Kusomewa ni kusoma, ungesaini kwa wino mzito. Kosa ni letu kutoandika hivyo kwenye fomu. Na hilo la darasa analokwenda nalikubali. Likizoni mtoto anatakiwa apate kitabu anachoweza kukimaliza bila kukwama kila mstari. Kigumu nitamfundisha mimi, ndiyo kazi ninayolipwa.

Namwandikia Mama

Naandika kwa niaba ya mama yangu, ndiye analea mwanangu wa darasa la kwanza. Mama hakusoma. Kasikia mjadala nikimsomea, kasema niwaandikie hivi, nanukuu alivyosema:

"Hiyo fomu ilikuja na kwangu. Nikaweka dole gumba siku ya kwanza, mjukuu akaona haya, akaificha. Sasa tunafanya yetu. Yeye anasoma, mimi naangalia picha. Akisema kitu ambacho kwenye picha sikioni, namwambia, rudi hapo mjukuu wangu, huyu mbuzi yuko wapi? Anarudi. Mara nyingine kweli alikuwa ameruka mstari. Mara nyingine mbuzi yumo kwenye maneno, mchoraji ndiye aliyemsahau, basi tunacheka. Akimaliza namwambia anisimulie tena kwa sababu mimi nimesahau. Sijasahau."

Mleta mada

Shikamoo Mama. Umenimaliza. Mimi mwenye kusoma na kuandika nilikuwa naweka saini, wewe ulikuwa unasikiliza.

Mtu wa takwimu

Mfikishieni Mama heshima zangu. Mtafiti James Kim na wenzake walilijaribu hilo la kumsikiliza mtoto kwa utaratibu. Kundi moja la watoto lilipelekewa vitabu tu nyumbani, na faida ya kuaminika haikuonekana. Kundi jingine walimu walilifundisha kabla ya likizo namna ya kusoma kwa kuelewa, na watoto wakaombwa pia wamsomee mtu wa nyumbani kwa sauti. Hilo likapanda. Tahadhari: walikuwa wa darasa la 3 hadi la 5, si hawa wadogo tunaowajadili. Lakini kama mtoto wa la tano anahitaji sikio, wa la kwanza je?

Mkutubi

Basi naweza kukubaliana na Mwalimu bila kukubali fomu yake. Kitabu kitoke shuleni au maktaba, mtoto akichague, na nyumbani apatikane wa kumsikiliza, hata kama ni kaka wa miaka 12. Hilo la tatu ndilo linanitisha. Kuna nyumba ambazo wakubwa wanarudi usiku, mtoto kalala. Hapo ushauri wetu wote unagonga ukuta.

Mpita njia

Na kucheza je? Mmesahau kabisa.

Baba Pacha

Mkuu, dakika 20 kati ya siku nzima. Zilizobaki zote zako.

Mwalimu wa la pili

Nimekaa nikafikiri. Mwaka huu sitoi fomu. Nitavimwaga vitabu vya kabatini sakafuni wiki ya mwisho, kila mtoto aondoke na anavyotaka, na nitawaambia neno moja tu: mtafute mtu umsomee. Tatizo langu lina jina, linaitwa daftari la mali za shule. Najua vingine havitarudi. Vingine vitarudi bila majalada, kimoja kitarudi kimetafunwa. Mkuu wa shule ataniuliza vitabu viko wapi, nami ni wa kwanza kukatwa mshahara. Mkutubi, ninyi huwa mnafanyaje?

Mkutubi

Tunaanza na vile vilivyokwisha kuchakaa, vipya tunavibakiza. Na tunaomba ruhusa mapema, kwa maandishi, tukitaja kabisa kwamba baadhi vitapotea. Mkubwa aliyekubali vipotee kumi hapigi kelele vikipotea saba.

Baba Pacha

Au andika tu "vimechakaa kwa matumizi". Nani atahesabu?

Mleta mada

Baba Pacha, hapo tumesharudi kwenye kalamu ya kijani.