Mjadala: Kodi zetu zitangaze hifadhi ya bahari kwa Kihispania?

Mkaazi wa Salinas (mwanzisha mada)
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nilipita Moss Landing, hapa pwani ya California, nikakuta mabasi ya watoto wa shule kutoka Watsonville, wazazi wamo, wengi watu wa mashamba ya stroberi. Dada mmoja kasimama na darubini anawaonyesha fisi maji wa hori ya Elkhorn. Anaeleza kwa Kihispania, anarudia kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Vipeperushi lugha mbili, kibao lugha mbili, hata stika za watoto.

Sina ugomvi na fisi maji. Swali langu ni la kodi. Machi 2025 rais alisaini amri kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Marekani, akafuta ile ya Rais Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza. Hifadhi ya bahari ya hapa, Monterey Bay, ni ya serikali kuu tangu 1992. Je, ni sawa waendelee na Kihispania? Sisi tulipofika hapa nani alituandikia kwa Kiswahili? Mimi Kiingereza nilikisoma usiku nikitoka zamu. Na tusidanganyane, hawa jamaa wametoka milimani huko Oaxaca, bahari hawaijui, ndiyo maana wakifika ufukweni wanazoa kila kitu.

Mama Pacha
Oaxaca haina bahari? Puerto Escondido iko wapi? Huatulco je? Kuna kijiji kinaitwa Mazunte, watu wa pale walikuwa wanaishi kwa kuchinja kasa mpaka 1990 Mexico ilipopiga marufuku. Leo wana kituo cha kasa na watalii wanamiminika. Jirani yangu hapa Bakersfield anatoka upande huo, samaki anamjua kuliko wewe unavyomjua kuku. Usiwaseme watu usiowajua.

Mkaazi wa Salinas
Mama, nilimaanisha wengi wao.

Mama Pacha
Ulichoandika kiko hapo juu, tunakisoma wote.

Chumvi Kuu
Mimi kilichonichekesha ni mtu wa Singida kutoa cheti cha nani anaijua bahari. Wewe bahari uliiona siku ya kupanda ndege, tena kupitia dirisha. Na hiyo ya "Kiingereza nilikisoma usiku" ipunguze kidogo kaka, sekondari ya Tanzania masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mkulima wa Watsonville hakuipata bahati hiyo.

Mkaazi wa Salinas
Sekondari ya kata, mwalimu wa Kiingereza hatukuwa naye. Usinisimulie maisha yangu. Na nimeuliza kodi, hujajibu.

Mtu wa Murang'a
Hawatajibu bro. Ukigusa bahari, watu wa Pwani wanakumbuka babu zao. Wacha mimi nijibu. Kuna mama wa Fresno alienda na watoto ufukwe wa Pismo Beach, watoto wakaokota kombe wakidhani ni maganda tu ya kuchezea. Akapewa faini karibu laki moja ya dola! Huyo mama alihojiwa kwa TV, Kiingereza safi. Na vibao vya Kiingereza vipo. Sasa tuambiwe, shida ilikuwa lugha?

Chumvi Kuu
Ilikuwa dola 88,000 na ushee, kombe 72, na jaji akaishusha hadi 500. Ukileta habari ilete nzima. Kisheria pale Pismo kila mtu kombe kumi, na kila moja isipungue inchi nne na nusu. Halafu hata kama hujui sheria, kombe hai na ganda tupu mtu anavichanganya vipi? Kombe hai limefumba, zito, ukilitikisa halilii. Kwetu Lamu mtoto wa miaka minne analijua hilo.

Mtu wa Murang'a
Kila kitu kwenu mtoto wa miaka minne anajua. Hao watoto wakikua wanaenda wapi? Mbona hoteli zote ni za wengine?

Chumvi Kuu
Waulize waliochukua viwanja. Kwa Kikuyu ukitaka, watakuelewa vizuri zaidi.

Mtu wa Murang'a
Aaah, tumefika hapo? Sawa. Mimi nimezaliwa Mtwapa, mama yangu aliuza samaki Kongowea, na kwa feri ya Likoni nimesimama kuliko wewe. Murang'a ni kwa babu. Uliza kwanza.

Mama Pacha
Sasa mtu wa Mtwapa unajiitaje Murang'a? 😂

Msimamizi
Viwanja vya Pwani vina uzi wake, na umefungwa. Hapa ni Kihispania na bahari ya California.

Bahati SD
Mimi niko San Diego, kwetu ni Uvira, kando ya ziwa. Muko munagombana juu ya kombe, mimi naona jambo kubwa ni samaki ya sumu. Kule Los Angeles, upande wa Palos Verdes, kiwanda kilimwaga DDT, ile dawa ya kuua wadudu, ndani ya mfereji wa maji machafu tangu mwisho wa miaka ya 40 mpaka kuingia 70. Ile sumu iko chini ya bahari mpaka leo. Kuna samaki mmoja wanamwita white croaker, anakula chini chini kwa tope, yule wamesema usimule kabisa. Na ndiye anayeshika ndoano haraka pale kwenye gati! Gati la watu wote halitaki leseni, kwa hiyo ni masikini ndiye anavua pale: Mumexico, Mufilipino, Muvietnam, na sisi. Matangazo wameyaandika kwa lugha nyingi. Kiswahili hakuna. Siku moja nilimukuta mzee wa kwetu na ndoo yake, anapeleka nyumbani kwa wajukuu. Nani alipaswa kumwambia?

Mkaazi wa Salinas
Wewe ulipaswa kumwambia, si serikali.

Bahati SD
Nilimwambia. Na wale ambao sikuwakuta, nani atawaambia?

Mwalimu wa Zamu
Samahani nimechelewa. Nimejitolea kwenye safari kama hiyo aliyoiona mwanzisha mada, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua.

Kwanza hiyo amri ya 2025: haikuzikataza ofisi kutumia lugha nyingine. Iliondoa ulazima, basi, uamuzi ukabaki kwa wakuu wa ofisi. Pili, akwaria ya Monterey, ile nyumba ya kuonyesha viumbe hai wa bahari, nayo inatumia Kihispania, lakini si ya serikali, ni shirika lisilo la faida. Maonyesho yao ya viumbe wa kina kirefu yaliyofunguliwa 2022 yana jina la Kiingereza na la Kihispania pia. Pale kodi yako haimo. Hifadhi yenyewe ilianza mpango wa kuzifikia familia za Walatino mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakauita MERITO, na haukuanzishwa kwa huruma. Mto Pajaro unapita kwenye mashamba ya stroberi na mboga unamwaga ghubani. Mbolea inayozidi shambani, vipande vya plastiki ya kufunikia matuta, vyote vinashuka na maji. Machi 2023 tuta la mto lilipasuka usiku, mji wa Pajaro ukalala majini. Sasa anayeishika hiyo plastiki kila siku ni nani? Si profesa wa Santa Cruz. Ukitaka ghuba iwe safi utaongea na mwenye jembe.

Tatu, na hili mabango hayaligusi: wengi wa wazazi wale hata Kihispania ni lugha yao ya pili. Nyumbani wanaongea Kimixteco au Kitriqui, lugha za asili za huko kwao Oaxaca. Nilimwona mama amekishika kipeperushi cha lugha mbili, anatikisa kichwa kwa adabu, hasomi. Binti yake ndiye aliyekuwa anamnong'oneza. Alipotokea askari wa samaki na sare yake ya kijani, mama akawavuta watoto kuelekea basini. Yule askari alikuja kuwaonyesha kaa tu.

Chumvi Kuu
"Si profesa wa Santa Cruz." Kwani maprofesa wamekukosea nini? Shemeji yangu anafundisha pale.

Mama Pacha
Jamani! Katika yote aliyosema mwalimu, umeona hilo?

Mkaazi wa Salinas
Mwalimu mwenyewe amekubali Kihispania hakiwafikii. Hoja yangu imesimama.

Mwalimu wa Zamu
Sijasema hivyo. Wapo wanaofikiwa nacho, ni wengi, na wapo wasiofikiwa. Wewe unataka kuwanyima wote kwa sababu baadhi wamebaki.

Mwana wa Mkoani
Salamu kutoka Pemba, nasoma tu kila siku, leo naomba kidogo. Machi 2024 kisiwani Panza walikufa watoto wanane na mama mmoja kwa kula nyama ya kasa. Miaka michache nyuma Pemba ilishazika wengine kwa kasa huyo huyo. Redio imesema, madaktari wamesema, kwa Kiswahili ambacho hata bibi asiyesoma anakielewa. Watu wamekula. Kwa hiyo wenzangu, msidhani lugha ikifahamika kazi imekwisha.

Kuna kitu nilikishuhudia kikisaidia. Kisiwa cha Misali kilitangazwa eneo la hifadhi 1998. Wataalamu walikuja na ramani, wavuvi wakasikiliza, wakaondoka kuvua vilevile. Baadaye wakaitwa masheikh, wakafundisha kwa Qurani kwamba uharibifu wa bahari ni israfu na utaulizwa. Pale wazee walikaa chini. Siwaambii kwamba baruti na nyavu haramu ziliisha siku ile, lakini mazungumzo yalibadilika. Kule kwenu nani anaaminiwa na hao watu wa stroberi? Padri? Kiongozi wa chama cha wafanyakazi? Mumtafute huyo kabla ya kuchapisha karatasi.

Mtu wa Murang'a
Kwa hiyo Wapemba waliambiwa na bado wakala? Hiyo ni ukaidi.

Mwana wa Mkoani
Ndugu yangu, kasa analiwa miaka na miaka, na mara nyingi mlaji hapati kitu. Sumu haionekani, kupika hakuitoi. Unamwita mkaidi mtu aliyezika mtoto?

Mtu wa Murang'a
Sikumaanisha kuwatukana, pole kwa msiba.

Mama Pacha
Mnaongelea vibao vya California, mimi naumia na vya nyumbani. Nilienda likizo kwenye hifadhi moja ya bahari, siitaji. Getini bei kwa Kiingereza, sheria kwa Kiingereza, faini kwa Kiingereza, na mvuvi anayezuiwa kupita pale hajamaliza la saba. Mmarekani ameweza kumwandikia Mmexico, sisi tumeshindwa kujiandikia wenyewe?

Chumvi Kuu
Hapo umesema. Mabango yenyewe yameandikwa kwa pesa ya mfadhili, asomaye ni mfadhili.

Mkaazi wa Salinas
Sasa tumehama kabisa. Naomba jibu moja tu: kodi, ndiyo au hapana?

Mwalimu wa Zamu
Ndiyo.

Bahati SD
Ndiyo, na Kiswahili muongeze.

Chumvi Kuu
Ndiyo, ila wa Singida alipe mara mbili.

Mtu wa Murang'a
Mimi hapana, lakini niko tayari kupelekwa. Chumvi, Julai kuna usiku wa grunion, wale samaki wadogo wa fedha wanaopanda mchangani kutaga maji yakijaa. Twende ufukwe wa Cabrillo tumalize ugomvi.

Chumvi Kuu
Kwa nini Julai? Wanapanda tangu Machi.

Mtu wa Murang'a
Aprili mpaka Juni ni kuwatazama tu, kushika ni marufuku. Msimu ukifunguliwa, samaki thelathini kwa mtu, tena kwa mikono mitupu. Wavu hapana, ndoo ya kuchotea hapana, kuchimba shimo la kuwategea hapana.

Chumvi Kuu
Nani kakwambia yote hayo?

Mtu wa Murang'a
Kipeperushi. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kispanyola. Leseni mimi ninayo, wewe wa Lamu unayo?

Chumvi Kuu
Leseni ya nini? Bahati si amesema gatini hawaulizi.

Mtu wa Murang'a
Grunion hawapandi gatini, bwana.